Baba mdogo, kabla hujauza kiwanja cha Kihonda

Shikamoo baba mdogo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nasonga ugali wa unga wa njano, maana sembe hapa Bengaluru unaitafuta kwa tochi. Unasema wakala amefika Morogoro na kuwaambia kwamba India imebadilisha vyuo vyake: siku hizi mtoto anachukua shahada kwa vipande, akichoka anatoka na cheti, na ada atajilipia kwa kufanya kazi jioni. Unaniuliza kama ni kweli, ili uuze kiwanja.

Ingekuwa uongo mtupu ningekujibu kwa neno moja. Tatizo ni kwamba nusu yake ni kweli.

Sera mpya ya elimu ilitoka Julai 2020. Mwaka mmoja unapata cheti, miwili stashahada, mitatu shahada, minne shahada yenye utafiti. Alama zako zinatunzwa kwenye kitu wanachokiita benki ya krediti, ukiacha unaweza kurudi ukaendelea ulipoishia. Kwa Mhindi ambaye baba yake ameugua akiwa mwaka wa pili, hiyo ni nafuu kubwa, siibezi hata kidogo. Lakini mdogo wangu akitoka baada ya mwaka mmoja, viza ya masomo haina kazi tena, anapanda ndege na karatasi ya mwaka mmoja mkononi. Nani Morogoro atamwajiri nayo? Kile kipande anachokisifia wakala hakikukatwa kwa ajili yetu.

Halafu kuna hili la majimbo, ambalo wakala hawezi kukwambia kwa sababu pengine halijui. Elimu huku ni ya serikali kuu na ya jimbo kwa pamoja. Karnataka, jimbo letu hili, ndilo lililotangulia kuianza sera hiyo, 2021. Mwaka 2023 chama cha Congress kikashinda uchaguzi wa jimbo, kikasema sera ya serikali kuu ya Delhi hakiitaki, na Mei 2024 shahada ya miaka mitatu ikarudishwa. Mimi kama mwanafunzi wa uzamivu huwa nasaidia kusahihisha. Nimekaa na mafungu mawili ya karatasi mezani, walioingia 2023 na walioingia 2024, jengo moja, walimu walewale, mitaala miwili. Jimbo jirani la Tamil Nadu nao wana msimamo wao. Kwa hiyo mtu akikwambia "India wamebadilisha", muulize India ya jimbo gani.

Ila kinachoniuma zaidi ni vile vyuo vidogo. India ina vyuo vikuu zaidi ya 1,000, na chini yake vyuo vishiriki zaidi ya 40,000. Chuo kishiriki kinakufundisha, lakini mtihani unatungwa na chuo kikuu kinachokilea, na shahada inatoka huko. Mimi shahada ya kwanza niliisomea kwenye kimoja cha namna hiyo, ghorofa ya tatu, na sikujua mpaka nilipofika. Mwalimu anayekufundisha hajui mtihani utakujaje, kwa hiyo anachofanya ni kukusomea notisi, wewe unaandika, mnafukuzia maswali ya miaka iliyopita. Mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 75 mtihani hufanyi. Wengi wa waliotufundisha walikuwa wa mkataba wa muda, wanakimbilia chuo kingine mchana. Muhula wa kwanza nilipata sapu mbili, na nyumbani sikusema.

Sera inataka mfumo huo ufe ndani ya miaka 15, kila chuo kitoe shahada yake chenyewe. Pia wanataka ifikapo 2035 nusu ya vijana wa umri wa chuo wawe vyuoni. 2018 walikuwa kama robo. Nzuri. Lakini walimu watatoka wapi? Tangu miaka ya 1960 tume yao ilisema elimu ipewe asilimia 6 ya pato la taifa, na sera ya 2020 imerudia asilimia 6 ileile, maana haijafikiwa bado.

Kazi za jioni: viza ya masomo ya India hairuhusu kuajiriwa. Nukta. Akifika ajisajili uhamiaji ndani ya siku 14, na akikamatwa anafanya kazi anaweza kurudishwa.

Na usalama, kwa sababu mama anauliza kwa woga. Nimekaa hapa tangu 2015. Januari 2016 binti wa Kitanzania alivamiwa na kundi la watu hapahapa Bengaluru kwa ajali iliyosababishwa na Msudani asiyemjua. Wiki ile hatukutoka nje. Siku nyingi ni za kawaida, majirani zangu ni watu wema, lakini kutafuta nyumba ukiwa mweusi ni kazi ya mwezi mzima.

Sasa fanyeni hivi. Kuna ufadhili wa serikali ya India, ICCR, ndio unaonisomesha sasa. Maombi yanafanywa mtandaoni, hayahitaji wakala. Kama ni chuo cha kulipia, angalieni daraja lake la NAAC, chombo cha huku kinachopima ubora wa vyuo, ingawa hata huko Februari 2025 wapelelezi wa serikali kuu, CBI, walikamata wakaguzi kwa tuhuma za rushwa, basi msiliabudu. Waulizeni TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, kama shahada hiyo wataitambua, na iwe mapema, siyo baada ya miaka mitatu. Na kama kijana ana hesabu nzuri kweli, IIT Madras, moja ya taasisi kubwa za teknolojia za India, wamefungua tawi Zanzibar tangu 2023, shahada ni ileile ya IIT, na boti ya Dar mnaijua.

Ile barua ya udahili uliyonitumia picha nimeisoma. Jina la chuo lipo, mhuri upo, nambari ya akaunti ya kulipia ipo kwa herufi nene. Jina la chuo kikuu kitakachotoa shahada halimo. Mpigie wakala umuulize hilo tu, kisha nipigie mimi, ila iwe kabla ya saa mbili usiku wenu, baada ya hapo huku nimeshalala.