Serikali ikikanusha, tupime vipi? Wakristo wa nyanda za juu za Vietnam

SWALI: Mimi ni katibu wa usharika mkoani Mbeya. Tunaandaa juma la maombi kwa ajili ya Wakristo wanaoteswa, na mzee mmoja wa kanisa amepinga Vietnam kuwekwa kwenye orodha. Anasema serikali yao imekanusha kuwatesa Wakristo, makanisa kule yanasajiliwa kama yanavyosajiliwa hapa kwetu, na wanaofungwa ni watu wa siasa. Kisheria, tutajuaje ukweli uko wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, mzee wenu ana hoja, na sehemu ya anayoyasema ni kweli. Katiba ya Vietnam ya 2013, ibara ya 24, inatoa uhuru wa dini. Kanisa la Kiinjili la kusini limetambuliwa rasmi tangu 2001, na sensa ya 2019 ilihesabu Waprotestanti wapatao 960,000. Wengi wao ni wa makabila madogo: Wahmong wa kaskazini, na Wajarai, Waede na Wabahnar wa Nyanda za Juu za Kati. Serikali ikilaumiwa, hayo ndiyo inayotaja.

Lakini hakuna aliyedai kwamba Vietnam haina makanisa. Madai yanahusu vijiji vya Gia Lai au Dak Lak, mikoa ya Nyanda za Juu za Kati, ambako watu wanaosali majumbani, nje ya makanisa yaliyosajiliwa, wanaitwa polisi tena na tena, wanasainishwa karatasi za kuacha kusali pamoja, na wengine wanasimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji wakiri makosa yao. Takwimu za nchi nzima hazijibu tukio la kijiji kimoja. Kanusho lenye uzito lingesema: mtu huyo hakuitwa siku hiyo, daftari la kituo hili hapa, mkamuulize mwenyewe.

Kuhusu ile mikutano ya kukiri makosa, vyombo vya habari vya serikali yenyewe viliwahi kuitangaza kama ushindi dhidi ya dini potofu. Kwetu sisi wanasheria, jambo ambalo mlaumiwa amelisema mwenyewe lina uzito kuliko maneno ya mashahidi kumi wa upande wa pili.

Sasa kuhusu siasa. Historia ya kule ni nzito. Kundi lenye silaha la FULRO lilipigania kujitawala kwa makabila hayo, na wapiganaji wake wa mwisho walisalimisha silaha 1992 wakiwa Kambodia. Maandamano ya Februari 2001 yalidai ardhi na uhuru wa kuabudu kwa pamoja. Juni 2023 watu wenye silaha walishambulia ofisi mbili za serikali za mitaa huko Dak Lak wakaua watu tisa. Januari 2024 washtakiwa 100 walihukumiwa, kumi kati yao kifungo cha maisha. Aliyeua ashtakiwe kwa kuua, na msiwaombee wauaji kana kwamba ni wafia dini.

Hata hivyo hapa pana kipengele ambacho wengi hukiruka, nami naomba mzee wenu akisome kwa utulivu. Vietnam iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1982. Tanzania tuliuridhia 1976. Ibara ya 18 inaruhusu udhihirishaji wa dini uwekewe mipaka kwa sababu chache tu: usalama wa umma, utulivu, afya, maadili na haki za wengine. Usalama wa taifa haumo. Kamati inayosimamia mkataba ilisema wazi mwaka 1993, katika Maoni ya Jumla Na. 22, kwamba sababu isiyotajwa kwenye ibara hiyo haikubaliki, hata kama inakubalika kwa haki nyingine. Lakini sheria ya dini ya Vietnam, iliyoanza kutumika Januari 2018, inautaja usalama wa taifa. Kifungu cha 116 cha kanuni ya adhabu kinaadhibu kuvuruga umoja wa kitaifa, na kwa kifungu hicho mwinjilisti wa Kiede, Y Krec Bya, alipewa miaka 13 Machi 2024. Kwa hiyo jibu la usalama wa taifa, hata likitolewa kwa nia njema, si utetezi pale kosa linalotajwa ni watu kukusanyika kusali.

Usajili wenyewe si dhambi. Swali ni nini kinampata asiyesajiliwa. Kule hata kikundi kinachokutana nyumbani kinatakiwa kujiandikisha kwa uongozi wa kata.

Kipimo cha mwisho ni mlango: je, serikali inamruhusu mkaguzi aingie na kuona? Julai 2014 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa uhuru wa dini, Heiner Bielefeldt, alialikwa na serikali. Ziara zake za Gia Lai na Kon Tum zilikatizwa, na akaeleza kuwa baadhi ya watu aliotaka kuwaona walitishwa au kufuatiliwa. Serikali inayokanusha kisha inamzuia mkaguzi imejipunguzia yenyewe haki ya kuaminiwa.

Kwa hiyo iwekeni Vietnam kwenye orodha, mkiandika mkoa, mwaka, kinachodaiwa na serikali ilivyojibu. Majina ya wachungaji wa vijijini ambao bado wako huru msiyachapishe, wala picha zao. Waombeeni bila kuyataja.