Kifusi, hewa ukaa na nondo

SWALI: Shikamoo mzee. Juzi tumebomoa ghorofa moja, na kijana aliyesomea ujenzi akatuambia kifusi kikisagwa na kupulizwa hewa ukaa kinachukua nafasi ya sehemu ya saruji. Sisi tumefundishwa kuwa hewa hiyohiyo ndiyo inayoozesha nondo. Nani mkweli? Na mimi nisage kifusi changu? – Fundi, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, fundi. Wote wakweli. Cha kuuliza ni hewa imeingia lini.

Chokaa mnaijua huko pwani. Matumbawe yakichomwa tanurini hutoa hewa ukaa. Chokaa ikishapigwa ukutani huivuta tena polepole mpaka inarudi kuwa jiwe. Hivyo ndivyo zilivyokomaa kuta za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Saruji nayo ni mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo, nyuzi 1450 hivi, na ikishaganda hubakiwa na chokaa yenye kiu ileile.

Penye nondo, kiu hiyo ni balaa. Chokaa hulipa zege ukali, wa magadi, si wa ndimu, unaofika 13 hivi kwa kipimo cha pH, na ukali huo huivisha nondo ngozi isiyoshika kutu. Hewa ukaa ikipenya, pH hushuka chini ya 9 na ngozi inatoka. Nilipokuwa maabara niliitwa kupima kibaraza kimoja karibu na bahari. Nikabandua kipande, nikanyunyiza fenoftaleini, dawa inayogeuka waridi palipo na ukali. Waridi ikaanzia nyuma ya nondo! Mbele yake palikuwa na milimita 15 tu za zege, na hapakugeuka rangi hata kidogo.

Unga wa kifusi hauna nondo ya kuozesha. Ukishibishwa hewa ukaa mapema, chokaa yake hugeuka unga wa mawe, na gundi ya saruji ya zamani huachia silika laini inayofanya kazi kama pozolana, yaani unga unaoganda ukikutana na chokaa na maji. Silika hiyo hukamata chokaa ya saruji mpya, ikatengeneza gundi nyingine, vitundu vikazibika. Maji ya chumvi yanapata taabu kupita.

Lakini chokaa iliyokamatwa ndiyo iliyokuwa akiba ya kulinda nondo. Ikipungua, hewa ya nje haina kikubwa cha kuichelewesha njiani. Kwa hiyo nguzo ya saruji ya namna hiyo, hapo Tanga, mimi ningeikubali kwa masharti: maji kidogo kwenye mchanganyiko, nondo izame milimita 50, na zege limwagiliwe siku saba, Ijumaa ikiwemo.

Kifusi chako usisage. Sehemu kubwa yake ni kokoto na mchanga, na hivyo havili hewa ukaa. Wanaofanya kazi hiyo hutenga kwanza unga wa gundi, kisha huupuliza kwa hewa iliyokolea, kama moshi wa tanuri la saruji. Wewe utapata vumbi la kunywa maji tu, na zege litalegea. Toa mbao na vipande vya jasi, kinachobaki kijaze chini ya sakafu, ukishindilie.