Masika ya Tanga na machipuko ya Leeds

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Leeds, Uingereza. Juzi niliandika kwenye kundi letu la familia: “Dalili za mapema za masika zimeonekana huku. Ndege zimerudi, vyura vimetaga bwawani na nungunungu wa bustani ya jirani ameamka.” Shangazi yangu wa Tanga akajibu kwamba Uingereza hakuna masika, na binamu zangu wakanicheka kwa hizo ndege. Programu ya tafsiri kwenye simu inaniambia “majira ya chemchemi”. Nani yuko sahihi? Na nikitaka kusema kwamba mwaka huu majira hayo yamekuja kabla ya wakati wake, nisemeje?

JIBU: Marahaba. Shangazi yuko sahihi, binamu nao wana haki ya kucheka, na programu imepotoka.

Tuimalize programu kwanza. Chemchemi ni mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini. Kiingereza kina neno moja kwa maji hayo na kwa majira unayoyataka, basi mashine ikachukua maana isiyo yake. Siku hizi “majira ya chemchemi” yamezagaa mitandaoni, na baadhi ya wanaoyaandika ni watu waliokulia kwenye Kiswahili. Usiwafuate.

Masika ni jambo zito zaidi. Watu wa pwani wameupanga mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto likiwa kali. Upepo ukigeuka kuwa kusi, mvua za masika huanza, nazo hunyesha mpaka Mei. Hufuata kipupwe, baridi ya katikati ya mwaka, kisha demani yenye upepo mwanana, kisha vuli na mvua zake. Hakuna hata jina moja hapo lililotokana na theluji kuyeyuka au mti kuvaa majani mapya. Kilichokuponza wewe ni kalenda, kwa kuwa masika ya Tanga na majira yenu huko huangukia miezi ileile ya Machi na Aprili.

Lakini mtu wa Tanga akisikia masika yameanza, anawaza bati linalovuja na nguo zisizokauka. Wadudu na wanyama nao wana namna yao ya kuyatangaza: baada ya mvua za kwanza kumbikumbi huruka jioni, asubuhi ukakuta mabawa yametapakaa chini ya taa ya barazani, vyura hulia usiku kucha kwenye madimbwi, jongoo hutambaa njiani. Yote hayo yanaitikia mvua. Ya Leeds yanaitikia joto na siku zinazorefuka, maana mvua ya huko, kama ujuavyo, haingoji msimu. Kwa hiyo andika “majira ya kuchipua”. Ukitaka ufupi, “machipuko” au “mchipuko” yanaeleweka pia. Najua wapo wanaoita miezi ya majani kupukutika Ulaya “vuli”, na baridi ya huko “kipupwe”. Kipupwe nakivumilia, kwa kuwa angalau kinataja baridi. Vuli siipendi kabisa.

Sasa hizo ndege. Ndege zikirudi, zimetua uwanjani na abiria wanasubiri mizigo. Ndege wenye manyoya huchukua upatanisho wa viumbe hai: ndege wamerudi. Kanuni hiyohiyo inawahusu vyura, ambao wingi wao unaoanza na “vy-” huwadanganya wengi. Ni vyura wametaga, vipepeo wa njano wameonekana, viluwiluwi wameanguliwa.

Kitenzi “kurudi” nakipenda hapo, ila kinategemea umesimama wapi. Mbayuwayu wanaozaliana Uingereza wengi wao hukwepa baridi kwa kwenda mpaka Afrika Kusini, na hufika huko kwenu kuanzia mwishoni mwa Machi na Aprili. Kwa kuwa hujenga viota na kulea makinda Ulaya, kwako wewe wamerudi. Kwa shangazi, mbayuwayu wa aina hiyo anaowaona Tanga ni wageni wanaokuja karibu na Septemba, na mwezi Aprili kwake wanaondoka. Yule kekeo anayelitaja jina lake mwenyewe kwa Kiingereza naye huja kutoka Afrika, kwa kawaida Aprili. Hao wawili wana majina ya Kiswahili, na ni uvivu kuwaita “ndege fulani”.

Nungunungu wako simwamini. Nungunungu ana miiba mirefu yenye mabaka meusi na meupe, na hayupo kwenye bustani za Leeds. Aliyeamka ni kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba mifupi anayejikunja akawa donge. Tunaye hata Kenya na Tanzania, wa jamii nyingine. Wa Uingereza hulala usingizi wa majira ya baridi na kutoka karibu na Machi au Aprili, kwa hiyo “ameamka” ni sawa kabisa.

Kuhusu vyura, “kutaga” ni kitenzi sahihi, kwani samaki na vyura hutaga kama kuku. “Kuatamia” ndiko kusikowafaa, kwa sababu hakuna anayeyakalia mayai. Ukichungulia bwawa hilo utaona bonge la ute linaloelea, na ndani ya kila yai nukta nyeusi. Siku zikipita nukta hurefuka ikapinda kama alama ya mkato, kisha kiluwiluwi hutoka.

Neno “dalili” umelichagua vizuri. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu, kwa kuwa mawingu hayakusudii kumwambia mtu chochote. Ishara mara nyingi huwa na mwenye kuitoa, kama anayekukonyeza au kukupungia mkono. Robert Marsham wa Norfolk, aliyeanza mwaka 1736 kuandika tarehe za maua ya kwanza, vyura kulia na mbayuwayu kuonekana, alikuwa akikusanya dalili. Jamaa zake waliiendeleza kazi hiyo hadi 1958. Ila wewe umeandika “dalili za mapema”. Hizo ni dalili zilizotokea kabla ya wakati wake. Kama ulikusudia zile zinazotangulia nyingine, ni “dalili za mwanzo” au “za awali”.

Hapo tunafikia swali lako la mwisho. Kiswahili kina kitenzi kizuri cha jambo hilo, kuwahi: majira ya kuchipua yamewahi mwaka huu. Kinyume chake, yamechelewa. Tahadhari moja tu: kitenzi hicho kikifuatwa na kitenzi kingine hubadilika maana. “Vyura wamewahi kutaga kwenye bwawa hili” humwambia msomaji kwamba jambo hilo liliwahi kutokea, labda mwaka juzi, labda miaka kumi iliyopita. Ukikusudia mwaka huu na kabla ya wakati, andika “vyura wametaga mapema”.