Ukiambiwa chanjo "haijadhuru mtu", uliza imejaribiwa kwa watu wangapi

Kipindi cha korona nilikua kwenye timu ya majaribio ya chanjo, kazi yangu kubwa ilikua kupiga simu. Jioni unampigia mtu aliyejitolea, homa ngapi leo, mkono unauma, pale ulipochomwa pamevimba kiasi gani, yani hata kichwa kikimgonga tunaandika. Siku moja mama mmoja ananiambia kateleza bafuni kavunjika nyonga kalazwa, mi nikaona hiyo na chanjo wapi na wapi, nikaiacha. Weee! Daktari wetu alinirudisha kwenye fomu siku hiyo hiyo: mtu akilazwa kwa sababu yoyote ile, linaingia kama tukio kubwa. Nikambishia, akaniuliza, unajuaje hakushikwa na kizunguzungu kwanza? Sikua na jibu.

Sasa ushauri wangu kwa anayefuatilia haya mambo, anza na idadi. Majaribio ya chanjo ya korona ya Pfizer yalikua na watu kama 43,000 hivi na nusu tu ndo walichomwa chanjo yenyewe, wengine maji ya chumvi ili walinganishwe. Kuna hesabu ya chapchap, chukua waliochanjwa gawa kwa 3. Elfu 21 gawa kwa 3 ni 7,000, maana yake kama dhara fulani halikuonekana kabisa, unachoweza kusema kwa uhakika wa kutosha ni kwamba halizidi mtu 1 kati ya 7,000. La mtu 1 kati ya laki kadhaa linapita hapo bila kuonekana na hakuna aliyezembea.

Ndo maana Aprili 2021 Marekani walisimamisha ile ya Johnson & Johnson kwa siku kama 10, wanawake 6 damu imeganda kwenye ubongo, kati ya dozi zaidi ya milioni 6. Watu waliogopa, mi nilipumua, nikasema kumbe kuna mtu anahesabu.

Kuhusu wale wanaosema chanjo zilitengenezwa haraka mno, makaratasi yanaharakishwa, viwanda vinaanza kutengeneza kabla ya majibu, sawa tu. Muda wa kusubiri kuona mwili unavyoipokea chanjo ndo haupunguziki hovyo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walitaka angalau nusu ya washiriki wawe wamefuatiliwa miezi 2 baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu madhara mengi ya chanjo hujitokeza ndani ya wiki 6.

Alafu pima hatari ya chanjo na ya ugonjwa wenyewe. 1976 Marekani walichanja zaidi ya watu milioni 40 kuzuia homa ya nguruwe, ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré ukaongezeka kama mtu 1 kwa kila laki, na lile janga halikuja. Ingekua watu wanakufa kila kona, hiyo 1 kwa laki ingesomeka vingine kabisa.

Yule mama wa nyonga, walipofungua siri ya nani kapewa nini, alikua kachomwa maji ya chumvi.