Ishara ya kuomba msaada baharini isifanane na salamu

Sisi watu wa pwani tumezoea kupungiana mikono. Mashua zikipishana tunapungiana, mtu akiwa ufukweni anapungiwa, na tukipatwa na janga mkono huohuo ndio wa kwanza kunyanyuka. Hatari iko hapo. Aliye mbali haoni kwamba umekwama. Anaona mtu anamsalimia, naye anajibu salamu.

Hayo nimeyashuhudia kisiwani Mafia, msimu wa kaskazi, wakati boti za watalii zinatoka Kilindoni kwenda kuwatazama papa potwe. Mashine ya mashua yetu ilizima na mkondo ukaanza kutuvuta nje. Boti moja ikapita si mbali sana. Vijana wetu waliokuwa omo, sehemu ya mbele ya mashua, wakapunga kwa nguvu zao zote, na watalii nao wakapunga kwa furaha, boti ikaendelea na safari yake. Nahodha akawaamuru vijana wakae chini. Akasimama peke yake tezi, sehemu ya nyuma, akatandaza mikono yote miwili ubavuni, akaipandisha polepole hadi juu ya kichwa, akaishusha, akaipandisha tena, bila kuharakisha. Boti ile ikapunguza mwendo, kisha ikageuza.

Alichofanya nahodha kimo katika kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, na mabaharia wa kila taifa hufundishwa. Hakuna anayesalimia hivyo, ndiyo maana inaeleweka. Nakuomba uwafundishe watoto wako, hata kama hawavui.

Sauti ya mtu haifiki mbali penye upepo, na koo hukauka upesi. Funga kipenga kwenye jaketi la kuokolea, kwa kamba fupi inayofika mdomoni. Meli ya Spice Islander ilizama usiku, Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba. Katika giza la namna ile kichwa kinachoelea hakionekani kabisa, lakini kipenga husikika. Tochi nayo ina lugha yake: mimweko mitatu mifupi, mitatu mirefu, mitatu mifupi. Hiyo ni SOS, ishara ya kimataifa ya kuomba msaada.

Mchana wenye jua, kioo kidogo kinashinda vitu vingi vya bei kubwa. Nyoosha mkono, weka chombo unachokiita katikati ya vidole viwili vilivyoachana, halafu cheza na kioo mpaka mwanga uangukie vidoleni. Mwanga ukigusa vidole, umefika na kule.

Fashifashi za dharura, yaani fataki za kuomba msaada, zinataka subira. Ile ya kushika mkononi huwaka kama dakika moja tu, kwa hiyo usiiwashe kwa hofu bahari ikiwa tupu. Ngoja uone chombo au usikie mashine. Ishike nje ya ubavu wa mashua, upande ule upepo unakoelekea, cheche zisikurudie wala zisiangukie mafuta. Nyekundu ni ya usiku. Mchana moshi wa rangi ya machungwa huonekana vizuri zaidi.

Mwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya baharini, aende chaneli 16. Aseme "Mayday", neno la kimataifa la kuomba msaada, mara tatu, kisha jina la chombo, mahali kilipo, tatizo, na idadi ya watu. Mwenye simu apige 112, Tanzania na Kenya pia. Mtandao ukiwa hafifu, tuma ujumbe mfupi kwa mtu wa nchi kavu unayemwamini, maana ujumbe hupenya pale ambapo maongezi yanakatika. Andika mahali ulipo kabla ya jambo lingine lolote: "Tuko kusini ya Kilindoni, tunaona mnara, mkondo unatutoa nje." Simu ikizima baada ya hapo, wa kukutafuta anajua pa kuanzia.

Na mkishaokolewa, mpigie kila uliyemwita umwambie mko salama, ili wengine wasiendelee kuhangaika baharini kuwatafuta.