Lenana Ilinirudisha, Nikaenda Kuisoma

Juzi dada mmoja ameniandikia kwamba Mlima Kenya umemshinda. Alifika kambi ya Mackinder, kichwa kikamgonga usiku kucha, alfajiri wakamteremsha. "Mwili wangu si wa milima," akasema. Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi miaka minne iliyopita, palepale.

Nilipitia Naro Moru kwa sababu niliambiwa ndiyo njia fupi. Ni fupi kweli. Unalala Met Station, mita 3,050, kesho yake unavuka lile tope linalomeza buti, unaingia bonde la Teleki, na jioni uko mita 4,200. Zaidi ya mita elfu moja kwa siku moja! Saa tisa usiku tukaanza kupanda kokoto. Ukipiga hatua mbili, moja inakurudisha. Nikatapika. Mwenzetu mmoja akasema mbele ya wote kwamba watu wengine wangebaki Nairobi. Sijalisahau neno lile. Wakaendelea, mimi nikageuka huku kilele cha Lenana nakiona.

Ndugu zangu, haukuwa mwili. Mlima sikuujua. Huu ni volkano iliyozimika. Batian, mita 5,199, na Nelion iliyo pembeni yake ni mwamba uliogandia kooni mwa volkano, ukabaki umesimama baada ya barafu na mvua kula kingo zake. Huko ni kwa wenye kamba. Kilele chetu sisi wa miguu ni Lenana, mita 4,985. Tena pande za mlima hazifanani: mashariki na kusini mvua ni nyingi, Sirimon kule kaskazini-magharibi ni kukavu, na njia yake inapanda taratibu. Soma ramani kabla hujanunua buti. Nasema tena, soma ramani.

Februari hii nilipitia Sirimon. Kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha kambi ya Shipton, na hapo Shipton nikalala siku mbili ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu. Mchana wa katikati nilipanda kidogo, nikarudi kulala chini. Jua lilipochomoza nilikuwa juu ya Lenana, nalia kama mtoto.

Kuteremka nilichagua Naro Moru kwa makusudi. Karibu na Austrian Hut barafu ya Lewis iko hapo mbele yako. Si nyeupe kama ya kwenye picha. Ina rangi ya jivu na michirizi ya vumbi, na maji yanachuruzika chini yake. Mwamba ilioukimbia ni laini kama jiwe la kusagia, nao ni mpana kuliko barafu yenyewe. Anayesema atakwenda akistaafu, hii barafu haimngoji. Jipangeni sasa, na mjipange vizuri.

Kwenye kokoto nililitafuta jiwe nililokalia usiku ule. Nililipata. Nikakaa, nikanywa chai iliyobaki kwenye chupa.

Dada nimeshamjibu: Januari tunakutana lango la Sirimon, na Shipton tunalala siku mbili.