Bi Nesi Anajibu: Dawa ya tiata kwa mtu wa mawazo?

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Nakuandikia kutoka Lamu, mtaa sitautaja manake hapa mtu akipiga chafya Langoni, wa Mkomani washamwambia pole. Nina kakangu ana miaka 34, ni nahodha wa mashua ya wageni, alikuwa mtu wa maskhara mpaka watoto wa mtaa wanamfuata nyuma. Tangu kusi ya mwaka jana amebadilika, analala ameelekea ukuta, hali, haogi mpaka aambiwe, mashua iko juu mchangani imekauka hadi kalafati inatoka na yeye hata hashughuliki. Hospitali walimpa dawa ya mawazo, fluoksetini, akameza wiki tatu akaacha ati haifanyi kitu, wakampa nyingine, amitriptilini miligramu 25 ya usiku, nayo inamlaza tu. Amesomewa, amekunywa kombe, wapi.

Sasa mimi napika kwenye nyumba ya wageni Shela, mgeni mmoja alinikuta jikoni nakuna nazi huku nalia, tukazungumza, akanambia yeye kwao aliugua hivo hivo miaka mingi akatibiwa kwa ketamini, dripu sita, akarudi kuwa mtu. Na akasema ana rafiki yake yuko hapa hapa kisiwani anaweza kuipata na kumdunga nyumbani, hakuna haja ya hospitali. Nilipomweleza mama alishika kichwa. Kakangu mkubwa tulimzika kwa sababu ya unga, mama asema sitaki teja wa pili nyumba hii. Nami nimeingia kwenye simu nikaona ati ni dawa ya kulaza farasi. Nimechanganyikiwa. Nimesahau kukwambia, juzi alinambia kuna siku atatoka na mashua na hatarudi.
Dadake nahodha, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulichosahau ndicho naanza nacho, manake hicho si cha mwisho, ni cha kwanza. Mtu akisema hatarudi usimwambie wacha maneno ya kipumbavu, kaa karibu yake umuulize wazi, unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, lilikuwa limo kitambo, unampa tu pa kulitolea. Halafu ufunguo wa injini uweke kwako, asiachwe peke yake, na aende hospitali leo, sio Jumatatu. Ikiwa ni usiku piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Na msiogope ati mkisema ukweli polisi watamfunga, zamani kujaribu kujiua lilikuwa kosa kwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, mwezi wa kwanza wa 2025 Mahakama Kuu Nairobi ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Watu wengi pwani hawajazisikia hizi habari, bado wanaficha, mgonjwa akifika wodini wanasema alianguka.

Haya, ketamini. Mimi nimefanya kazi tiata, chumba cha upasuaji, hapa Malindi mpaka nikastaafu na hiyo chupa naijua kama naijua chupa yangu ya chai. Iweke akilini sura hii: mvuvi ameletwa, kulabu imeingia kiganjani ikatokea upande wa pili, anapiga kelele mpaka nje. Twampiga ketamini, dakika hazifiki mbili kelele zimekatika, lakini hakulala kama unavyojua kulala, macho wazi, yanacheza polepole kushoto kulia kama anatazama majahazi yanapita, unamwita hajibu, daktari anashona, kifua chapanda na kushuka chenyewe bila mashine. Alipozinduka akanishika mkono akaniuliza, Bi Nesi, nani kapaka hii dari kijani? Dari yetu ilikuwa nyeupe. Ndo hivo inavyofanya, mwili unabaki kitandani mwenyewe anakwenda zake kidogo, halafu anarudi. Waliompa binadamu mara ya kwanza ni Marekani mwaka 1964, waliopewa ni wafungwa wa jela ya Jackson kule Michigan (wafungwa bila shaka, nani mwingine), na daktari Edward Domino alipomweleza mkewe vile watu wanasema wanaelea na miili wameiacha, mkewe ndiye aliyelitoa hilo jina la dawa ya kumtenganisha mtu na mwili wake. Imeruhusiwa kwao tangu 1970.

Kwa hiyo ya farasi, ndiyo. Ya paka pia, na ya mtoto aliyevunjika mkono Faza pia. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima tangu 1985, na sababu ni hiyo ya kupumua, haimkatishi mtu pumzi kirahisi kama dawa nyingine za nusukaputi, kwa hiyo hata stima ikipotea katikati ya kazi (na hapa inapotea) mgonjwa wako anaendelea kuvuta hewa. Mama asiione kama kitu cha mtaani kilichoingia hospitali, ilitoka hospitali ndio ikaenda mtaani.

Na mgeni wako hakudanganya, inatibu sonona, huo ugonjwa wa mawazo, sio stori za hotelini. Mwaka 2000 madaktari wa chuo cha Yale, Marekani, waliwapa watu wachache wenye sonona nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, dripu ya dakika 40. Sisi tiata twaanzia miligramu 1 mpaka 2 kwa kilo na kwa mpigo, kwa hiyo unaona ile ya sonona ni ndogo, mgonjwa hazimiki, anaelea elea tu. Halafu 2006 taasisi ya serikali yao ya afya ya akili ikawapa watu 17 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda, siku ya pili 12 wamepata nafuu kubwa. Siku ya pili! Wewe umeona fluoksetini, wiki nne mpaka sita ndo uanze kuona mwanga. Hizi za kawaida nyingi zinafanya kazi kwenye serotonini, kemikali ya ubongo, ketamini inashika njia nyingine kabisa ya ubongo, ya glutameti, na inaonekana inasaidia ubongo kuunga tena zile nyuzi zilizokatika katika kwa ugonjwa, ingawa madaktari wenyewe bado wanabishana. 2019 Marekani wakaruhusu ya kupuliza puani, iitwayo esketamini. Ile ya dripu mpaka leo serikali yao haijaipitisha kwa sonona, madaktari wanaitumia kwa uamuzi wao, hilo pengine mgeni hakukwambia.

Na kuna jingine hakukwambia. Wale 12, ilipofika wiki moja waliobaki na nafuu walikuwa 6. Inapanda haraka inashuka haraka. Ndo maana dripu sita kwa wiki mbili tatu, na baadaye wengi wanahitaji za kurudia, na chini yake lazima kuwe na kitu kingine kinachomshika, dawa za kila siku, mtu wa kuzungumza naye, usingizi wa maana. Sasa huyu nahodha wetu chini yake kuna nini?

Hapa ndo nina ugomvi na nyinyi kidogo, usinichukie. Unasema dawa mbili zimeshindwa. Hazijashindwa mwanangu, hazijapewa nafasi. Fluoksetini wiki tatu ni kama kuchoma mkaa ukatoa sufuria wali haujaiva ukasema mchele mbaya. Na amitriptilini 25 ya usiku, hiyo kiasi hicho twampa mtu wa maumivu ya mishipa au wa usingizi, kwa sonona dokta hupandisha polepole mpaka mara tatu nne yake, na kupandisha lazima mgonjwa arudi kliniki, je alirudi? Najua jibu, manake nimekaa upande ule wa meza. Mtu anapewa karatasi, anaambiwa rudi baada ya wiki mbili, mashua, nauli, foleni, harudi. Tena msiongeze vidonge wenyewe, amitriptilini ikizidi inagonga moyo, na kwa mtu anayesema hatarudi chupa ya vidonge ikae kwa mama, apewe kimoja kimoja.

Kwa kawaida ketamini inafikiriwa dawa mbili zikishatumika kwa kiasi kamili na muda kamili na zikashindwa. Anayesema hivyo awe daktari wa akili, kama Lamu hampati basi la Mokowe lipo, na Mombasa kule Port Reitz kuna wodi ya akili ya miaka mingi. Mkifika mwambieni yote, hata habari za marehemu kakenu, hata kama huyu mwenyewe aliwahi kuonja, hata kama kuna mtu kwenu husikia sauti, manake mwenye maradhi ya kusikia sauti ketamini inaweza kumharibu zaidi. Na presha ipimwe, hii dawa inapandisha presha.

Kuhusu rafiki wa mgeni anayekuja kudunga nyumbani, hapana. Sina maneno mengi hapo. Ana mashine ya presha? Ana oksijeni? Mgonjwa akitapika amelala chali atamgeuza nani? Na kesho yake yuko wapi? Hata ile ya puani Marekani huruhusiwi kupewa ukaenda nayo, unapulizia mbele yao na unakaa saa mbili unaangaliwa, na gari huendeshi mpaka kesho ukishalala. Mashua nayo ni gari. Mwezi wa kumi 2023 serikali yao ilitoa onyo kuhusu watu kujitibu nyumbani na ketamini, na mwezi huo huo yule mwigizaji Matthew Perry akafa, alikutwa kwenye bwawa lake la maji moto. Alikuwa anatibiwa kwa dripu ya sonona kwa daktari, lakini iliyomuua haikuwa ile, ilikuwa ya kununua pembeni, aliyemdunga ni msaidizi wake wa nyumbani.

Mama sasa. Mpe salamu zangu, na usimuone mjinga, kuogopa kwake kuna sababu, sisi wa Malindi na Lamu tumezika vijana mpaka tukachoka. Mwambie unga unamkatisha mtu pumzi na unamshika na arosto, ketamini ni kitu kingine, ikitolewa mara chache chini ya macho ya watu wanaojua hatari ya uteja ni ndogo. Ndogo, sijasema hakuna. Wako wanaoinusa kila siku kwa starehe na inawashika kweli, na inawala kibofu, kijana anakojoa damu, anakwenda chooni kila baada ya dakika kumi kama mzee wa tezi. Na mkumbushe hapa Malindi tangu 2015 kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha unga, mateja wanakwenda kila asubuhi wanakunywa kikombe mbele ya nesi, na methadoni yenyewe ni ndugu wa unga. Kinachotofautisha ni nani anashika kikombe.

Kombe aendelee kunywa, haligombani na kidonge.

SWALI: Bi Nesi, hiyo dawa inalevya, sasa kutibiwa nayo si haramu? Mtu wa Barani, Malindi

JIBU: Mimi nesi si shekhe, muulize wa msikiti wako. Ila nikuulize na mimi, mkeo alipofanyiwa opresheni ulimwambia daktari asimpe nusukaputi? Pengine ilikuwa hiyo hiyo.

SWALI: Kwani hapa kwetu tukifanyiwa ile tiba ya umeme wa kichwani si ndo bora kuliko hizi dripu za wazungu? Napendelea kitu cha haraka. Baba wawili, Watamu

JIBU: Umenifurahisha, kawaida watu wanaukimbia umeme. Umeme ni tiba nzuri na siku hizi mtu analazwa kwanza, hasikii kitu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti Marekani wa watu karibu 400, nusu umeme nusu ketamini, wote watu wa sonona sugu lakini bila kuona mambo, waliopata nafuu kwa ketamini walikuwa 55 kwa mia na kwa umeme 41. Na umeme ulisumbua kumbukumbu zaidi mwanzoni. Ila mgonjwa aliyefika mahali hali wala hanywi, au anaona mambo, madaktari wengi bado watachagua umeme, nami singebishana nao. Wewe unamuulizia nani lakini? Hukusema.

SWALI: Shangazi, vijana wetu hapa Maweni wanakunywa dawa ya kikohozi chupa nzima, wanasema inaondoa stresi na nimesikia hata madaktari wa ng'ambo wanaitumia kutibu mawazo. Ni kweli ama wananichezea? Mama Fulani, Malindi

JIBU: Wamechukua ukweli wakaukata nusu. Ndani ya baadhi ya dawa za kikohozi mna dekstromethofani, hii nayo ni ya ukoo wa ketamini, ukizidisha inakupeleka kule kule kwa dari ya kijani. Na kweli 2022 Marekani walipitisha kidonge cha sonona chenye dekstromethofani, lakini kimechanganywa na dawa nyingine iitwayo bupropioni inayoifanya ikae mwilini, na kiasi kimepimwa. Chupa ya kemisti siyo hiyo. Soma karatasi yake au nisomee mimi, manake nyingi ni za mafua na kikohozi pamoja na ndani zina parasetamoli, mtoto anakunywa chupa nzima kutafuta kuelea kumbe anameza parasetamoli ya watu sita, na ini haliumi siku ile, linaanza siku ya pili ya tatu, macho yanageuka manjano. Kama leo amekunywa usingoje hayo macho, mpeleke kasualti na chupa yake tupu mkononi.